Kinanda cha Betri Sita

Isebania, Alhamisi jioni. Mvua ilianza saa tisa na haijachoka. Tope limefika mlangoni mwa kibanda changu, malori yamepanga foleni kuelekea Sirare, upande wa Tanzania, na madereva wanapiga honi kama vile mpaka hufunguliwa kwa kelele. Kichwa kinaniuma. Nina hasira tangu Jumamosi, na leo ndipo nimejua hasira yenyewe ni ya nani.

Naandika kwenye simu, kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kulia una plasta mpaka karibu na kiwiko. Mkiona herufi zimerukwa, vumilieni.

Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba mimi huandika habari za kibodi tu, za kompyuta na za muziki, kwa sababu ndizo zinazonilisha. Juma lililopita msomaji mmoja wa Rongo aliniuliza wanunue kinanda gani kwa ajili ya kanisa lao, kizito au chepesi. Nikamwahidi jibu leo. Jibu ninalo, ila limepitia kwenye uso wa mtu.

Sitaki kuanza na uso huo. Wacha nianze na kibodi.

Siku za kazi mimi ni mchapaji. Hapa kibandani nina kibodi tatu. Ya kwanza ni ile nene yenye swichi ndani ya kila kitufe, inayolia ta-ta-ta mpaka mama wa chapati hapo jirani anajua nimepata mteja. Hiyo ni ya barua ndefu, maana kidole kinahisi kabisa kwamba kimefika, na makosa hupungua. Ya pili ni ya bei ya chini, ina mpira chini ya vitufe, herufi zote zimefutika na ni mimi peke yangu ninayejua zilipokuwa. Lakini ina safu ya namba upande wa kulia, na hiyo ndiyo ninayojazia fomu za mizigo, kwa sababu dereva wa lori hana subira ya kunitazama nikitafuta tarakimu. Ya tatu haina waya. Jumapili pasta wangu huiweka mapajani kule nyuma na kubadilisha maneno ya nyimbo ukutani. Usinunue ya namna hiyo kama hupendi kukimbilia betri katikati ya ibada.

Kibodi ya kompyuta nimeipendea jambo moja. Haijali umepiga kwa nguvu gani. Uguse A kwa upole, uichape A kwa ngumi, inatokea A ileile. Nimewahi kumchapia mtu niliyemchukia kutoka moyoni, nikiviponda vitufe kama napura wimbi, na karatasi ikatoka safi kama ya mteja mwingine yeyote. Akanishukuru.

Kinanda ni mambo mengine. Kuna kile cha vitufe themanini na nane, vizito kama vya piano, ambacho kinajua umekigusa vipi. Ukigusa taratibu kinanong'ona, ukikipiga kinapaza sauti. Kubeba hicho ni kazi ya watu wawili na pikapu. Kuna kile kidogo wanachotumia vijana wa studio kule Migori mjini, ambacho hakina sauti yake mwenyewe mpaka ukichomeke kwenye kompyuta. Ukienda nacho kwenye mazishi utaaibika. Na kuna changu. Vitufe sitini na moja, plastiki tupu, kilo tano hivi, betri sita kubwa tumboni. Kina midundo yake ndani. Unabonyeza mara moja, ngoma na besi zinaendelea zenyewe, nawe unafuata wimbo kwa raha zako. Nimevuka nacho mito nikiwa nimekishika kwa mkono mmoja.

Nimekisifu hapa mara nyingi kwa wepesi wake. Nayafuta maneno hayo.

Sasa uso.

Okoth ni mtu wa Lambwe. Hununua njugu na simsim kwa wakulima na kuzivusha Tanzania, na kwa miaka mitatu barua zake zote nimezichapa mimi. Si mchumba wangu, msianze. Ni mteja anayekuja na ndizi mkononi na kukaa kwenye benchi muda mrefu kuliko barua yake inavyohitaji. Baba yake alikuwa katekista. Alipoona siku zake zimekaribia aliacha neno kwamba azikwe kwa kinanda na nyimbo za kanisa, asiletewe disko la matanga. Okoth akaniomba nikampigie mzee. Nikafunga kibanda, nikaenda.

Ibada ilikuwa nzuri. Mzee akazikwa, watu wakala, jua likawa kali. Okoth akaja kwenye turubai akaniambia niendelee taratibu wakati watu wanapumzika, kisha akaondoka na baba zake wadogo. Sikuuliza wanaenda wapi. Baada ya muda wanaume karibu wote walikuwa wametoweka bomani, na zizi lilikuwa tupu. Mtu mwenye macho angeona. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu.

Hapa lazima niseme ninakotoka.

Kwetu ni vilimani, nje ya mji huu. Sisi ni Wakuria. Nilikuwa na miaka tisa wezi wa ng'ombe walipotujia alfajiri. Cha kwanza unachosikia ni ardhi. Kabla ya mbwa, kabla ya mayowe, unasikia kwato kwenye nyayo za miguu yako. Niliingia chini ya kitanda na mdogo wangu Gati, nikambana mdomo kwa kiganja. Kaka yetu Mwita alikimbilia mlangoni na panga la kukatia nyasi. Kutoka chini ya kitanda niliona miguu yake imesimama, kisha nikaona magoti yake, kisha nikaona uso wake kwenye sakafu, ananitazama. Aliyemkata akainama akamkata tena, na alikuwa anacheka. Mwita alikuwa tayari yuko chini. Hakukuwa na haja ya kumkata tena.

Sikufanya kitu. Mtoto wa miaka tisa angefanya nini, ndivyo wanavyoniambia wote. Najua. Lakini sikufanya kitu.

Basi Jumamosi, nikiwa Lambwe, chini ya turubai, katikati ya wimbo, nilisikia ardhi.

Nikainua macho. Ng'ombe walikuwa wanakuja mbio, mikia juu, vumbi nyuma yao, na ndani ya vumbi wanaume wengi kuliko ninavyoweza kusema, nyuso zimepakwa majivu, matawi yamefungwa vichwani, rungu, mikuki, mapanga. Wengine walikuwa juu ya pikipiki wamesimama. Walikuwa wanapiga ua la boma kwa rungu, wanachoma hewa kwa mikuki. Filimbi zinalia. Wanawake walioketi karibu nami wakaruka wote kwa pamoja wakipiga mayowe.

Mjaluo yeyote amekwisha kujua nasema nini. Ni tero buru. Mzee akizikwa, wanaume hupeleka ng'ombe mpaka porini kukisukuma kifo, kisha hurudi nao mbio nyumbani wakipigana na hewa ili kifo kisipate pa kujificha. Ni heshima kwa marehemu. Mtoto anayejifunza kutembea huko Lambwe anaijua, tena anaichekea. Mimi nimeishi saa chache kutoka kwao maisha yangu yote, nimewachapia matangazo ya vifo, nimewapigia kinanda kwenye mazishi ya walokole wao wasiotaka mambo hayo, na sikuwa nimeiona hata siku moja. Okoth hakuniambia kwa sababu haikumjia akilini kwamba duniani kuna mtu asiyejua.

Mmoja wao akaacha kundi akaja moja kwa moja kwenye turubai. Rungu juu. Uso mweupe kwa majivu. Anacheka.

Nilikinyanyua kinanda kwenye stendi yake nikampiga nacho kwa kona, usoni.

Waya wa spika ulichomoka. Wenye vinanda mtanielewa: waya ule ukichomoka, sauti inarudi kwenye vispika vidogo vya kinanda chenyewe, na mdundo nilikuwa nimeuacha ukiendelea. Kwa hiyo kilikuwa kinacheza mikononi mwangu. Wimbo wa kumsindikiza mzee, taratibu kabisa. Nilisikia mfupa wa uso ukivunjika chini ya wimbo huo. Sikujua kwamba mfupa wa uso una sauti. Ni ndogo, kama ya kijiti kikavu.

Kisha wakanijia. Rungu ya kwanza ilishuka kwenye mkono wa kulia ili niachie kinanda, na ndiyo iliyovunja vidole viwili. Nyingine mgongoni, nyingine pajani. Mtu akanikanyaga shingo, nikaonja udongo. Nilisikia wakisema ameua, huyu nyar Kuria, binti wa Kikuria, ameua, na nikasikia mtu akiomba apishwe na mkuki wake. Nilitulia. Nilifikiria Mwita, jinsi sakafu ilivyo baridi shavuni.

Halafu uzito ukanilalia, na rungu zikakoma.

Ulikuwa mwili wa mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, ananuka moshi na jasho. Mama Okoth, mjane wa siku ileile, alikuwa amenilalia mgongoni, amekifunika kichwa changu kwa mikono yake miwili, anawapigia kelele wanaume wa ukoo wake: "Weyeuru! Muacheni! Huyu ni mgeni wetu, hajui!" Rungu moja ilikuwa imeshampata begani. Hakunyanyuka mpaka wote waliporudi nyuma.

Tulipelekwa Homa Bay kwa pikapu moja, mimi na Okoth, maana ndiye niliyempiga. Yeye alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, taulo usoni, damu inapita kwenye taulo na kuingia kwenye leso. Mtu alikuwa amekitupa kinanda changu nyuma pamoja nasi, sijui kwa nini, labda aliona ni ushahidi. Vitufe vinne vilikuwa vimeng'oka. Kilikuwa bado kinapiga. Tuliruka mashimo ya Lambwe mpaka kwenye lami na mdundo ule ule ukiendelea miguuni mwetu, na hakuna aliyekuwa na akili ya kukizima. Mwishowe Mama Okoth akakigeuza kwa mkono mmoja, akafungua kifuniko, akatoa betri moja baada ya nyingine na kuzitupa barabarani. Zote sita, ingawa kilizima kwa ya kwanza.

Hiyo ndiyo habari kama inavyosimuliwa. Siku hizi tano nimeisikia kwa watu wengi, na kila mmoja anamalizia kwa methali ileile: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Pasta amenipa methali hiyo. Mama wa chapati amenipa. Muuguzi aliyenifunga plasta alinipa, akanipigapiga begani. Hata mzee mmoja wa ukoo wa Okoth alipiga simu kuniambia wamelala wakaamka na wameona ni makosa ya ugeni. Baba yake mdogo mmoja ndiye pekee aliyekataa. Yeye alikwenda kituo cha polisi siku ileile akaandikisha kwamba nimemjeruhi mtoto wao.

Kila nikipewa methali hiyo natamani kumrukia anayenipa.

Kwa sababu nimeandika hapo juu kwamba nilimpiga, nikaiacha ikae kama mara moja. Nilimpiga mara mbili.

Pigo la kwanza ni la methali. Chukueni. Niliona ung'ongo, nikashtuka. Lakini Okoth alianguka chali, majivu yakapanguka upande mmoja, na nikamwona. Aliinua mkono akasema, "Robi, ni mimi." Alisema jina langu. Nilimsikia vizuri, tena nilimjua. Nilijua ni yule wa ndizi, yule wa benchi. Na nikakiinua kinanda tena nikakishusha kwa nguvu zangu zote, mahali palepale.

Nimejiuliza siku tano kwa nini. Jibu si zuri. Maisha yangu yote aliyekuwa chini alikuwa wa kwetu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliyekuwa chini alikuwa mtu mwingine, na mimi ndiye niliyesimama. Nilipenda. Kwa muda wa pigo moja, nilipenda sana.

Basi. Nimeandika.

Jana Okoth alinipigia simu. Walikuwa wamemfungua bandeji. Jicho la kulia linaona mwanga tu, hajui mtu wala kidole, na daktari anasema wasubiri, huenda likarudi na huenda lisirudi. Alisema hayo haraka haraka kisha akaja kwenye alichopigia. Anataka kuandika barua kwa mkuu wa kituo, aondoe ile kesi ya baba yake mdogo. Yeye mwenyewe amekatazwa kukodolea skrini. "Kwa hivyo kuja wewe uniandikie," akasema. "Si ndio kazi yako?"

Nikasema nakuja. 

Leo saa nne nilikuwa wodini. Okoth alikuwa ameketi kitandani, jicho moja limefunikwa upya kwa kitambaa, shavu limevimba na lina rangi ambayo sitaki kuieleza. Mama Okoth alikuwa upande wa pili wa kitanda, anamenya machungwa kwa kisu. Alinisalimia, akanisogezea kiti. Okoth akanipa kompyuta yake ya mkononi. Kibodi za hizi kompyuta ni bapa, vitufe havishuki hata upana wa ukucha, nzuri kwa msafiri na mbaya kwa mtu mwenye mkono mmoja. Herufi ya M kwenye yake inakwama. Ilibidi niibonyeze mara mbili kila ilipotokea, na kwenye barua ya kusamehe mtu kuna M nyingi.

Alianza kusema, mimi nikaandika. Alitaka Kiswahili, ili afisa wa zamu asisumbuke. Jina lake, kijiji chake, siku ya mazishi ya baba yake. Kwamba yeye ndiye aliyenialika. Kwamba hakunieleza habari ya tero buru na hilo ni kosa lake. Hapo niliuma mdomo. Kisha akasema, polepole, kama anayempa mtoto imla:

"Alinipiga mara moja na kinanda, akidhani boma imevamiwa."

Niliandika. Mara moja. Maneno yalikaa pale kwenye skrini, meusi, nadhifu. Sijui hata sasa kama hakumbuki, au anakumbuka na alikuwa ananipa zawadi. Niliangalia mstari ule nikajua kwamba nikiuacha nitapona. Kesi itaisha. Vidole vitaunga. Atarudi kibandani na ndizi, na mimi nitamchapia barua zake kwa miaka mingine mitatu nikimtazama lile jicho.

Nikaweka kidole cha kushoto kwenye kitufe cha kufuta. Nilifuta sentensi nzima, herufi kwa herufi. Nikaandika nyingine.

"Umemaliza?" akauliza. "Hebu nisomee."

Nikamsomea kuanzia juu.  Nilipofika pale nilisoma nilichokuwa nimeandika: Alinipiga mara mbili na kinanda. Mara ya kwanza alidhani boma limevamiwa. Mara ya pili alikuwa amenitambua.

Kisu cha Mama Okoth kilisimama kwenye chungwa.

 Okoth akauliza kama nilisikia jina langu. Nikasema nilisikia. Akauliza, basi kwa nini. Nikamwambia, kwa sababu ulikuwa chini. Maneno hayo yalinitoka kama mawe. Alinitazama kwa jicho lake moja. Nimewahi kutazamwa na mtu aliye sakafuni, na sikudhani nitatazamwa hivyo tena.

"Toka," akasema. "Kompyuta wacha hapo."

Nikatoka. Mama Okoth akanifuata mpaka kwenye geti, anatembea pole pole, bega moja limeshuka. Mvua ilikuwa bado haijafika huko, ziwa lilikuwa linang'aa upande wa chini na watu walikuwa wanauziana samaki kama siku zote. Nilidhani ametoka kunilaani. Nilikuwa tayari, na nadhani nilikuwa nataka.

"Mimi nilikuwa karibu, nyathina," akasema. "Niliona yote mbili."

Nyathina ni mwanangu. Ananiita mwanangu na aliona yote mawili. Nilishika nguzo ya geti. Nikamuuliza, kama uliona, kwa nini ulinilalia? Ulijua si ugeni. Uliwadanganya ndugu zako kwa ajili yangu.

 Si mtu wa maneno mengi.

"Siku hiyo nilikuwa nimeshazika mmoja," akasema. "Sikuwa na nguvu ya kuzika tena, hata wewe."

Kisha akanipa machungwa mawili, yaliyokwisha kumenywa, ndani ya mfuko wa karatasi, akarudi kwa mtoto wake.

Sikuyala. Yako hapa mezani, karibu na kinanda. Ndiyo, kinanda kiko hapa, nilirudishiwa Jumatatu. Sijakifuta. Kwenye kona ya kushoto kuna majivu yaliyoshikana na kitu kingine.

Nilikuwa Migori mjini nasubiri gari la huku, mvua imeanza, simu ikatoa mlio. Okoth alikuwa amenitumia barua. Hakuandika salamu wala neno lolote juu yake, ni faili tu. Nilisimama chini ya paa la duka la mbegu nikaifungua.

Hakuwa amefuta kitu. "Mara mbili" ilikuwa palepale, na "alikuwa amenitambua" ilikuwa palepale. Chini yake alikuwa ameongeza mistari miwili yeye mwenyewe. Nimejua ni yeye kwa sababu hakuona kwamba ile M imekwama, na herufi hiyo haipo popote kwenye mistari hiyo. Mtu mwenye jicho moja, aliyekatazwa skrini, anayetafuta kitufe kimoja kimoja. Nimechapia watu maelfu ya kurasa na sijawahi kuona mistari iliyochukua muda mrefu hivyo kuandikwa.

Nikiirudishia M zake, inasema hivi:

Pigo la kwanza nimemsamehe, na kesi ya pigo hilo naomba ifutwe.

Pigo la pili bado.

Nimeisoma chini ya paa lile, nimeisoma kwenye gari, nimeisoma hapa. Hasira yangu yote ya siku tano, dhidi ya methali, dhidi ya pasta, dhidi ya rungu zilizonivunja, imekaa kimya. Ni mtu wa kwanza aliyenihesabia sawasawa.

Msomaji wa Rongo, nunueni kizito. Kile cha vitufe themanini na nane, kinachojua umekigusa kwa nguvu gani. Kitawachosha kukibeba, lakini hakuna mtu mmoja atakayekinyanyua juu ya kichwa cha mwenzake.

Asubuhi nafunga kibanda. Nitafika Homa Bay kabla ya saa tatu, nitaingia kituoni na barua hiyo jinsi ilivyo, bila kuongeza M hata moja, na nitaketi kwenye benchi lao nisubiri waamue. Wakiniachia, nitapanda mpaka wodini niketi kwenye kiti kilekile. Akiniambia nitoke, nitatoka. Keshokutwa nitarudi.